Wazazi, Tuwasaidie Watoto Kudurusu Fizikia Nyumbani

Kila mwaka, mwezi wa Novemba unapokaribia, nyumba zenye kijana wa kidato cha nne hubadilika sura. Redio hupunguzwa sauti, wageni huombwa radhi, na taa ya sebuleni huchelewa kuzimwa. Baba huuliza, "Umesoma?" Kijana hujibu, "Nimesoma." Mazungumzo huishia hapo, kwa sababu baba hajui la kuuliza zaidi, na kijana hajui namna ya kueleza alichokisoma. Fizikia ndilo somo linaloongoza kwa ukimya wa namna hii. Vijana wengi huiacha mara wapewapo ruhusa ya kuchagua masomo, na wengi wa wale wanaobaki nayo hukariri kanuni pasipo kujua zinasema nini.

Hasara ya ukimya huo si alama za mtihani peke yake. Mama anayempakata mtoto katika kiti cha mbele cha gari, fundi wa mtaani anayeweka msumari mahali pa fyuzi, na mgonjwa anayekimbia matibabu ya mionzi kwa kudhani kwamba atawadhuru wanawe, wote hao wanafanya mtihani wa fizikia ambao haukuandikwa karatasini. Wakiukosa, hakuna kurudia darasa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukurasa huu leo hauwahusu wanafunzi pekee. Tutapitia mambo matatu yaliyo shina la fizikia ya sekondari, yaani kani, umeme na mnururisho. Tutayapitia kwa vitu vilivyomo nyumbani, njiani na hospitalini, ili mzazi ambaye hakubahatika kulisoma somo hili naye apate la kumwuliza mwanawe. Mzazi hahitaji kujua jibu zima. Inatosha ajue swali, na awe na subira ya kusikiliza.

KANI: KUSUKUMA NA KUVUTA

Kani ni kitendo cha kusukuma au kuvuta. Ukisukuma mlango, ukivuta kamba ya kisima, ukikanda unga, unatumia kani. Kani hupimwa kwa nyutoni, kizio kilichopewa jina la Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza aliyechapisha sheria zake tatu za mwendo mwaka 1687.

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kuchanganya tungamo na uzito. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nacho hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ambayo dunia inatumia kukivuta kitu hicho, nao hupimwa kwa nyutoni. Mfuko wa saruji una tungamo la kilogramu 50. Shuleni huchukuliwa kwamba dunia huvuta kila kilogramu kwa nyutoni 10, kwa hiyo uzito wa mfuko huo ni nyutoni 500. Lau mfuko huo ungepelekwa mwezini, ambako mvutano ni kama moja ya sita ya huu wetu, uzito wake ungepungua hadi kiasi cha nyutoni 80 hivi. Lakini saruji iliyomo ni ile ile kilogramu 50, na ingefyatua idadi ile ile ya matofali. Mwulize mwanao, "Kilichopungua ni nini, na kilichobaki ni nini?" Akijibu bila kusita, amevuka kizingiti cha kwanza.

Kosa la pili huhusu kanieneo, yaani kani inayobeba kila kipande cha eneo. Mama zetu waliijua kabla ya vitabu. Ndoo ya lita 20 za maji hukandamiza kichwa kwa kani ya nyutoni 200. Ikiwekwa kichwani bila kitu, kani hiyo yote huangukia kieneo kidogo. Tuseme ni sentimeta za mraba 10. Basi kanieneo ni nyutoni 20 kwa kila sentimeta ya mraba. Mama akiviringa khanga akatengeneza kata, eneo likafika sentimeta za mraba 50, kanieneo hushuka hadi nyutoni 4. Maji hayakupungua hata tone, ila maumivu yamepungua mara tano. Kisu hutumia kanuni hiyo hiyo kwa kuigeuza. Ukikinoa unapunguza eneo la makali, na kani ile ile ndogo ya mkono hupenya nyama. Mtoto aliyeielewa kata na kisu hana haja ya kukariri kwamba kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo.

Hali kadhalika wenzo. Toroli la mjenzi ni wenzo ambao egemeo lake ni gurudumu. Mzigo wa nyutoni 600 ukikaa nusu mita kutoka kwenye gurudumu, na mikono ya mbebaji ikiwa mita moja na nusu kutoka hapo hapo, mbebaji huinua kwa nyutoni 200 tu. Zidisha kila upande uone: 600 mara 0.5 ni 300. 200 mara 1.5 ni 300. Lakini wenzo hautoi kitu bure. Mikono hupanda mara tatu ya kimo ambacho mzigo unapanda. Kinachopungua katika kani hulipwa katika umbali.

Kapi la kisimani nalo lina fundisho lake. Kapi moja lililofungwa juu halipunguzi kani hata kidogo, bali hugeuza upande wa kuvuta, ili mtu avute kuelekea chini akisaidiwa na uzito wa mwili wake. Swali hili huwakwaza watahiniwa wengi, kwa kuwa wao hudhani kila mashine inapunguza kani.

BASI LINAPOFUNGA BREKI

Sheria ya kwanza ya Newton yasema kwamba kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule, mpaka kani ikibadilishe. Abiria wa daladala huithibitisha kila siku. Dereva akifunga breki ghafla, gari linasimama, bali miili ya abiria haina habari. Inaendelea na safari. Ndiyo sababu waliosimama husukumana kuelekea mbele.

Sheria ya pili yasema kwamba kani ni tungamo mara mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika katika kila sekunde. Hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa jambo la uhai. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linakata takriban mita 22 kila sekunde. Ili kupata jibu hilo, gawanya 80 kwa 3.6. Mtoto wa kilogramu 10 amepakatwa na mamaye. Gari linagonga na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ili mtoto naye asimame kwa muda huo, mama anahitaji kumshika kwa kani ya nyutoni 2,200, ambayo ni sawa na kuinua kilogramu 220, zaidi ya magunia mawili makubwa ya mahindi. Hakuna mapenzi ya mzazi wala mkono wa mwanadamu uwezao kazi hiyo. Mkanda wa kiti na kiti maalumu cha mtoto ndivyo vinavyoiweza.

Tuendelee na hesabu hiyo. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Kugonga ukuta kwa kilometa 40 kwa saa ni kama kuanguka kutoka kimo cha mita 6, yaani ghorofa mbili. Kugonga kwa kilometa 80 ni kama kuanguka mita 24, yaani ghorofa nane. Tena dereva akichelewa sekunde moja tu kabla ya mguu kufika kwenye breki, gari la kilometa 80 limekwisha kula mita 22 za barabara. Anayewaona watoto wa shule wakivuka mita 20 mbele yake, hata akiwa hodari namna gani, amechelewa. Sheria ya usalama barabarani inapoweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, haimwonei dereva; inafuata Newton.

Sheria ya tatu yasema kwamba kila kani ina kani ya pili iliyo sawa nayo na inayoelekea upande wa pili. Mvuvi anayeruka kutoka mtumbwini kwenda ufukoni huusukuma mtumbwi nyuma, nao humsukuma yeye mbele. Asiyeifunga kamba kwanza huishia majini. Kumbuka kwamba kani hizo mbili hutenda kazi juu ya vitu viwili tofauti, moja juu ya mtumbwi na nyingine juu ya mvuvi. Mwanafunzi anayesema kwamba zinafutana amesahau jambo hilo.

UMEME: MAJI YASIYOONEKANA

Mambo matatu ya umeme huwatia vijana kizunguzungu, nayo ni volteji, mkondo na ukinzani. Tuyalinganishe na tangi la maji lililo juu ya mnara. Kimo cha tangi ni volteji, ambayo hupimwa kwa volti. Maji yanayopita bombani kila sekunde ni mkondo, ambao hupimwa kwa ampea. Wembamba wa bomba ni ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Ukiinua tangi, maji hukimbia zaidi. Ukitia bomba jembamba zaidi, hupungua. Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, aliyaeleza hayo mwaka 1827 kwa kanuni fupi kwamba volteji ni mkondo mara ukinzani.

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Chukua pasi ya wati 1,000. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo 1,000 kugawanywa kwa 230 ni takriban ampea 4.3. Ukinzani wake, kwa kanuni ya Ohm, ni takriban omu 53. Mwambie kijana achukue birika la umeme, asome wati zilizoandikwa chini yake, kisha akufanyie hesabu hiyo. Birika la wati 2,000 litampa ampea 8.7. Vifaa vya nyumbani ni kitabu cha mazoezi kisichonunuliwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha hatari ya ekstensheni moja kubebeshwa nyumba nzima. Pasi ya wati 1,000, birika la wati 2,000 na jiko dogo la wati 1,500 vikichomekwa pamoja, jumla ni wati 4,500, na mkondo wake ni karibu ampea 20. Ekstensheni nyingi zimetengenezwa kwa ampea 13 au pungufu. Joto katika waya hukua kwa mraba wa mkondo, na mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Plastiki hulainika, nyaya hugusana, na moto huanzia nyuma ya kabati mahali pasipoonekana na mtu.

Fyuzi iliwekwa kwa ajili hiyo. Ni waya mwembamba uliokusudiwa kuyeyuka kabla nyaya za nyumba hazijapata moto. Mtu anayeitoa fyuzi iliyokatika na kutia waya mnene au msumari anasema, "Sasa haitakatika tena." Ni kweli, haitakatika, kitakachoungua badala yake ni nyumba. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inatoa habari. Yapasa kutafuta sababu.

Taa na vifaa vya nyumbani huungwa kwa njia ya sambamba, wala si kwa mfululizo. Katika mfululizo mkondo una njia moja, na taa moja ikiungua, zote huzimika. Katika sambamba kila taa ina njia yake na hupata volti 230 kamili. Betri za tochi, kwa upande mwingine, hupangwa kwa mfululizo ili volti zijumlishwe. Mawe mawili ya volti 1.5 hutoa volti 3.

Yuniti ya umeme tunayoinunua ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30 hutumia yuniti 9. Taa ya kisasa ya wati 9, ambayo mwanga wake unakaribiana nayo, hutumia yuniti 1.35 kwa muda huo huo. Mpe kijana kazi ya kuhesabu taa zote za nyumba yenu. Atadurusu, na mfuko wa familia utapona.

Sasa tuutazame mwili wa mwanadamu. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, aghalabu makumi ya maelfu ya omu. Ngozi iliyolowa hushuka hadi kiasi cha omu 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000, utapata ampea 0.23. Mkondo wa ampea 0.03 waweza kukaza misuli hata mtu ashindwe kuuachia waya. Ukifika ampea 0.1 huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo kupiga pasi pekupeku juu ya sakafu iliyopigwa deki sasa hivi, au kugusa swichi kwa mikono yenye maji, ni kuuita msiba. Wala ngozi kavu isimdanganye mtu, maana jasho huja bila hodi.

Ikiwa mtu amenaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, msukume aachane na waya kwa mti mkavu, nawe ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme. Ikiwa ni waya wa nguzoni ulioanguka, usikaribie kabisa, wala usitumie mti. Wazuie watu wakae mbali na uwaite mafundi wa shirika la umeme. Mambo haya yafundishwe watoto wote nyumbani, hata wale wasiosoma fizikia.

Vijana huuliza pia umeme unatoka wapi. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, mkondo huzaliwa katika waya huo. Dinamo ya baiskeli hufanya hivyo kwa nguvu ya mguu, na mitambo ya Kidatu na Mtera hufanya hivyo kwa nguvu ya maji. Katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, ambako mashine ya kwanza iliingia kazini mwaka 2024, ziko mashine 9 za megawati 235 kila moja, na jumla yake ni megawati 2,115. Umeme huo husafirishwa kwa volti 400,000. Mwulize mwanao sababu. Jibu lake limo katika yale tuliyokwisha sema: volti zikiwa nyingi, mkondo huwa mdogo, na joto linalopotea njiani hupungua kwa mraba wake.

MNURURISHO: TUUOGOPE KWA AKILI

Neno mnururisho huwatisha watu, na hofu hiyo ina madhara ya namna mbili. Wengine huogopa kisichostahili kuogopwa, na wengine hushika kwa mikono kile ambacho kingepaswa kukimbiwa. Elimu ndiyo inayotenganisha hayo mawili.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua eksirei. Mwaka uliofuata Henri Becquerel wa Ufaransa aliona kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, bila kuchochewa na kitu. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakagundua elementi mbili mpya, poloni na radi. Wasichana wetu wanaoambiwa kwamba fizikia ni somo la wavulana walikumbuke jina la mama huyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza duniani kupata Tuzo ya Nobel mara mbili, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911.

Baadhi ya atomi zina viini visivyotulia. Ili vitulie, hutoa mionzi ya namna tatu. Alfa ni fungu la protoni mbili na neutroni mbili. Ni nzito, na huzuiwa na karatasi. Beta ni elektroni yenye mwendo mkali, nayo huzuiwa na bati la alumini la milimeta chache. Gama si chembe bali ni wimbi, jamaa wa mwanga na eksirei. Hupunguzwa kwa risasi nene au zege. Mtego wa mtihani ni huu: alfa ndiyo dhaifu kwa kupenya, lakini chanzo chake kikimezwa au kuvutwa kwa pumzi ndiyo yenye madhara makubwa, kwa sababu hutua nguvu zake zote mahali padogo mwilini.

Nusu-uhai ni muda unaohitajika ili nusu ya atomi zisizotulia zibadilike. Iodini-131 ina nusu-uhai wa siku 8. Gramu 80 zitakuwa 40 baada ya siku 8, 20 baada ya siku 16, na 10 baada ya siku 24. Familia yaweza kuicheza sheria hii mezani. Kateni vipande 64 vya boksi, kila kimoja kitiwe alama upande mmoja. Virusheni, muondoe vilivyoangukia upande wa alama, mhesabu vilivyobaki, mrudie. Mtapata takriban 32, kisha 16, kisha 8. Hakuna awezaye kusema kipande gani kitaondoka, lakini jumla yake hutabirika. Mtoto aliyecheza hivyo mara moja hatausahau mchoro wake.

Tuujue pia ukweli huu: mnururisho umekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Hutoka angani, ardhini, katika mawe ya nyumba, hata katika ndizi tunazokula, kwa kuwa zina potasi. Picha moja ya kifua kwa eksirei aghalabu haizidi kiasi ambacho mtu hukipata kwa muda wa wiki mbili hivi kutokana na vyanzo hivyo vya asili. Vipimo vingine, kama vile sitiskani, hutumia kiasi kikubwa zaidi, na ndiyo sababu daktari huviagiza panapokuwa na haja. Mama mjamzito amweleze mtaalamu hali yake kabla ya kupigwa picha.

Je, aliyepigwa eksirei, au mgonjwa wa saratani aliyechomwa mionzi kwa mashine katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, huwa hatari kwa jamaa zake? La hasha. Mashine ikizimwa au chanzo kikifunikwa, mionzi imekoma, kama vile chumba kisivyobaki na mwanga taa ikizimwa. Anaweza kumbeba mwanawe na kula sahani moja na wenzake. Wagonjwa wachache wanaopewa dawa yenye mnururisho, kama ile ya iodini kwa tezi la shingo, hupewa masharti ya muda, nayo hueleweka kwa nusu-uhai tuliyoieleza. Mgonjwa anayeacha matibabu kwa sababu ya uvumi wa majirani anapoteza uhai kwa kukosa somo la ukurasa mmoja.

Faida za mionzi si za hospitali tu. Katika kisiwa cha Unguja, mbung'o walikuwa wakieneza ugonjwa wa nagana katika mifugo. Wataalamu waliwazalisha mbung'o mkoani Tanga, wakawapiga madume mionzi ya gama ili wasiweze kuzalisha, na kuanzia mwaka 1994 wakawa wanawaachia kwa ndege juu ya kisiwa. Madume zaidi ya milioni 8 waliachiwa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo aliyekutana na dume tasa hakuacha kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Hiyo ni fizikia iliyoingia katika zizi la mfugaji.

Hata hivyo, tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia huko Brazili, wakusanyaji wa vyuma chakavu waliiondoa sehemu ya mashine ya matibabu katika zahanati iliyohamwa, wakaivunja. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 uliong'aa kwa rangi ya samawati gizani. Watu waliushangaa, wakaugawana, wakaupeleka majumbani. Wanne walifariki, akiwamo mtoto wa miaka sita, na watu 249 walikutwa na uchafu huo. Hapa kwetu pia biashara ya vyuma chakavu inawaajiri vijana wengi. Wajue alama ya mapanga matatu meusi yanayozunguka nukta nyeusi katika uwanja wa manjano. Chombo chenye alama hiyo kisiguswe wala kukatwa. Wakae mbali, wazuie wenzao, na watoe taarifa polisi au kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Kinga ni tatu, nazo ni muda, umbali na kizuizi. Punguza muda wa kukaa karibu, ongeza umbali, weka kizuizi katikati. Ukienda mbali mara mbili, kiasi kinachokufikia huwa robo.

NAMNA YA KUDURUSU

Mtihani wa fizikia wa kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa hukariri maneno ambayo maana yake haijawaingia. Mzazi amwambie mwanawe, "Nieleze kwa Kiswahili, kama unavyomweleza bibi yako." Akiweza, maana imekaa, na kuiandika kwa lugha ya mtihani ni kazi nyepesi zaidi. Akishindwa, hajaelewa, hata kama ameijaza kurasa.

Pili, kila hesabu ianze kwa kuandika kilichotolewa na kinachotafutwa, na kila jibu liwe na kizio. Namba 500 pekee haina maana. Nyutoni 500 ina maana. Tatu, afanye mitihani ya miaka iliyopita kwa saa, kisha asahihishe kwa haki. Nne, ni heri dakika 40 kila siku kuliko kukesha usiku mmoja. Na binti apewe saa yake ya kusoma sawasawa na kaka yake. Vyombo vinaweza kuoshwa na mikono yoyote.

MASWALI YA FAMILIA

1. Mtu ana tungamo la kilogramu 60. Uzito wake duniani na mwezini ni kiasi gani?
2. Kwa nini trekta huwekewa magurudumu mapana?
3. Taa ya wati 10 huwaka saa 6 kila siku. Kwa siku 30 itatumia yuniti ngapi?
4. Birika la wati 2,000 limewekewa fyuzi ya ampea 3. Nini kitatokea?
5. Gramu 48 za elementi yenye nusu-uhai wa miaka 5 zitabaki ngapi baada ya miaka 15?

Majibu: (1) Nyutoni 600 duniani, kama 100 mwezini. (2) Eneo likiwa kubwa, kanieneo hupungua, na trekta halizami katika udongo laini. (3) Yuniti 1.8. (4) Mkondo ni ampea 8.7, kwa hiyo fyuzi itakatika. Yatakiwa ya ampea 13. (5) Gramu 6.

Mwalimu wa fizikia ana vijana wengi darasani na saa chache kwa wiki. Hawezi kumfuata kila mmoja jikoni, kisimani na kwenye basi. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaoishi nao. Leo jioni, kabla ya chakula, mwite kijana wako umwonyeshe pasi, umwulize ina wati ngapi. Kisha mwache akufundishe.